Akaunti mbili, Morogoro na Leipzig

Dada wa kaunta aliniuliza bila kuinua macho kwenye fomu: "Makato ya TT analipa nani? Wewe, mpokeaji, au mnagawana?" Nikajibu upesi, kama mtu anayegawana nauli ya bajaji na jirani: tunagawana. Ilikuwa Julai 2023, katika tawi la benki mjini Morogoro. Nilikuwa natuma pesa Ujerumani kwa TT, yaani kutoka benki ya hapa hadi benki ya nje, na jibu lile lilinigharimu karibu wiki tatu.

Nilikuwa nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Leipzig. Mwajiri alikuwa amenipa ruhusa ya masomo ya miaka miwili, na mshahara ulikuwa unaendelea kuingia. Lakini Ubalozi wa Ujerumani, pale Umoja House Dar es Salaam, hautaki kusikia habari za mshahara wa Morogoro. Unataka kuona pesa ya kula ya mwaka mzima imeshawekwa mahali. Wakati ule ilikuwa euro 934 kwa mwezi, yaani 11,208 kwa mwaka, kwenye akaunti ambayo Wajerumani wanaiita Sperrkonto. Unaingiza zote kwa mkupuo, zinafungiwa, halafu kila mwezi unaachiwa fungu la mwezi mmoja tu. Kwa shilingi zilikuwa karibu milioni 30. Sehemu ilikuwa akiba, sehemu mkopo wa kazini, na sehemu nyingine ni ya dada yangu mkubwa, ambayo hadi leo hajanidai na mimi sijathubutu kumkumbusha.

Mwaka ule fedha za kigeni zilikuwa adimu Tanzania. Mwenye shilingi zake mkononi alisubiri zamu auziwe dola au euro. Nilipeleka barua ya chuo, nakala ya pasipoti na ankara ya kampuni inayotunza ile akaunti, nikaambiwa nirudi Jumatatu, kisha Jumatatu nyingine. Pesa ilipoondoka hatimaye, nililala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza baada ya mwezi.

Siku tano baadaye ukaja ujumbe kwamba zimepokelewa euro 11,183. Zimepungua 25. Benki ya katikati, ambayo sikujua hata kama ipo, ilikuwa imechukua chake njiani kwa sababu nilikubali kugawana. Na kampuni haitoi cheti cha ubalozi mpaka kiasi kitimie. Kutuma euro 25 kwa TT nyingine kungenila makato makubwa kuliko hizo 25 zenyewe, tena baada ya kupanga foleni ya fedha za kigeni upya. Nilihangaika siku nyingi kabla sijamkumbuka shemeji yangu aliyeko Hamburg, hukohuko Ujerumani. Alituma euro 30 kutoka kwenye simu yake akiwa kwenye treni, na kesho yake zikawa zimefika. Kwa hiyo mtu akiniuliza sasa namwambia: kwenye ile fomu andika kwamba makato yote unalipa wewe, na juu ya hapo ongeza kitu kidogo. Usiwe na haya ya kuzidisha, ziada haipotei.

Nilisafiri mwanzoni mwa Oktoba nikiwa na euro 600 taslimu, noti mbili za 200 na mbili za 100. Aliyeniuzia alisema noti kubwa hazijazi pochi, na alisema kweli. Tatizo ni kwamba stesheni kuu ya Leipzig nilisimama kwenye duka la mikate, nina njaa, mkate wenyewe hauzidi euro tatu, na pembeni ya kashi kuna karatasi yenye picha za noti zimepigwa msalaba mwekundu: 200 na 500 hazipokelewi. Nikatoa ya 100. Mama wa duka akaigeuza kwenye mwanga, akaniangalia, akaniangalia tena, akarudisha chenji ya sarafu nyingi kuliko nilivyowahi kushika maishani. Zile mbili za 200 nilikuja kuzivunja wiki ya pili, nilipolipa amana ya chumba.

Watu huku nyumbani wanadhani Ulaya ni kadi tupu. Labda kwingine. Ujerumani niliyoikuta mimi, kinyozi anataka taslimu, muuza kebabu anataka taslimu, na kwenye mlango wa mgahawa mzuri kabisa kuna kibandiko kwamba kadi hawapokei. Kwa hiyo suala la kutoa pesa lilikuwa la kila wiki.

Kadi yangu ya Morogoro ilifanya kazi, kwa kuwa kabla ya kuondoka nilikuwa nimeomba ifunguliwe kutumika nje ya nchi. Ila nilipigwa mara moja. Mashine ilikuwa ukutani, karibu na kituo cha tramu. Nikaingiza kadi, nikaandika namba ya siri, nikachagua euro 100. Kioo kikabadilika, kikaniletea maandishi yenye kiasi kwa shilingi za Tanzania, hesabu imeshapigwa, na kitufe kikubwa cha kijani cha kukubali. Nilifurahi! Mashine ya Ujerumani inaijua shilingi! Nikabonyeza kijani. Usiku nilipotazama salio, nikakuta nimenunua euro kwa bei ambayo hata wabadilisha pesa wa mpakani wangeionea aibu, mbali na ada ya mwenye mashine na ada ya benki yangu. Kumbe kile kitufe kina maana kwamba unamruhusu mwenye mashine akupangie bei yake. Ukikataa, pesa inatoka vilevile, kwa euro, na hesabu inafanywa na mtandao wa kadi pamoja na benki yako, kwa bei yenye nafuu. Tangu siku hiyo nikiona shilingi kwenye kioo cha ugenini nabonyeza kukataa. Na nilijifunza kutoa 200 kwa mkupuo badala ya hamsini hamsini, maana ada nyingine hazijali umetoa kiasi gani.

Wakati huo huo, zile 934 za mwezi zilikuwa zimekaa tu, zinanitazama. Kampuni haiziachii mpaka uwe na akaunti ya kawaida ya Ujerumani. Akaunti inataka makazi yaliyosajiliwa, na usajili unataka karatasi ya mwenye nyumba. Nikapita hatua zote hizo. Benki ya kwanza ikanikataa. Kijana wa kaunta alishika pasipoti yangu kama samaki wa juzi, akasema mfumo wao hauitambui. Sikubishana. Baadaye nilielezwa chuoni kwamba tangu mwaka 2016 sheria ya Ujerumani inampa kila anayeishi nchini kihalali haki ya akaunti ya msingi, na benki ikikataa lazima itoe sababu kwa maandishi. Ningelijua hilo ningemwomba maandishi. Benki ya pili ilinifungulia akaunti ya wanafunzi isiyo na makato ya mwezi, ikanipa IBAN, yaani namba ya akaunti yenye tarakimu na herufi 22, nikaambiwa kadi na namba ya siri vitakuja kwa posta, barua mbili tofauti.

Nikasubiri wiki moja, kisha mbili. Jirani yangu wa jikoni alikuwa Mkenya wa Kisumu, alishakaa pale miaka mitatu. Nikamlalamikia posta ya Ujerumani, ile inayosifiwa sana. Akaniuliza:

"Kaka, jina lako liko kwenye sanduku?"

"Sanduku gani?"

"La barua, hapo chini mlangoni. Kwani hukuandika jina?"

Tukashuka. Masanduku ishirini ya bati, kila moja na majina yake. Letu lilikuwa na majina matatu, langu halimo. Kule nyumba haina namba za vyumba kwenye anwani. Mtu wa posta anasoma jina tu, asipoliona anairudisha barua ilikotoka. Sisi tuliozoea S.L.P. ya shule au ya ofisi ya baba tungejulia wapi? Barua zangu zote mbili zilikuwa zimerudi benki na kadi imeshazuiwa kwa usalama. Jirani akachana kipande cha karatasi, akaandika jina langu kwa kalamu ya wino, akalibandika kwa selotepu. Kadi mpya ilifika baada ya siku sita, namba ya siri siku mbili baadaye. Tarehe 21 Novemba niliachiwa fungu la kwanza. Hadi hapo nilikuwa nimeishi wiki saba kwa zile 600, kadi ya Morogoro na wali maharage.

Ukishakuwa na kadi ya kwao mambo yanalainika. Mashine za benki yako, au za kundi la benki yako, hazikati kitu. Ukienda ya kundi jingine, kioo kinakuonyesha ada kabla, mara nyingi karibu euro 5, na una uhuru wa kuondoka. Nilishangaa kukuta vibanda vingi vya mashine vinafungwa usiku, saa tano hadi alfajiri. Sababu ni wahuni wanaozilipua kwa baruti. Mwaka 2022 polisi walihesabu matukio 496. Basi usibaki na mfuko mtupu Ijumaa usiku.

Njia niliyoipenda kuliko zote ilikuwa dukani. Unanunua maziwa na mkate, na kwenye kashi la maduka makubwa mengi unaweza kuomba pesa taslimu hadi euro 200, inakatwa kwenye kadi pamoja na bidhaa, bila ada. Mengine yanataka uwe umenunua vitu vya euro 10, mengine hayajali. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Ni wakala kabisa! Amekosa mwavuli tu, na daftari la kusaini.

Kuna jambo moja la kule ambalo natamani lingehamia kwetu. Watu wa umeme, simu na bima wanavuta wenyewe pesa kwenye akaunti yako kwa ruhusa uliyosaini, na mwanzoni niliogopa sana. Kampuni moja ya simu ilinivuta mara mbili mwezi mmoja. Nilijiandaa kwa safari ya barua na kubembeleza, lakini nikakuta kwenye programu ya benki kitufe cha kurudisha. Una wiki nane za kufanya hivyo, hata sababu hawakuulizi. Pesa ikarudi siku ileile.

Upande wa Morogoro ndio ulitaka akili zaidi, kwa sababu mshahara uliingia kule, na kule ndiko kulikokuwa na makato ya mkopo, ada ya mtoto wa dada na zamu yangu ya kikoba. Menyu ya benki ya kwenye simu, ile ya kubonyeza nyota na reli, haikufunguka nikiwa Leipzig. Programu ya benki ilifunguka, ila kila muamala ulituma namba ya uthibitisho kwenye laini yangu ya Tanzania. Niliiacha laini hiyo ndani ya simu, kwenye tundu la pili, na data ya ugenini nikaizima. Kupokea meseji hakukunikata kitu. Hatari ni laini kulala: isipotumika muda mrefu inafungwa, na kuirudisha unatakiwa uwepo mwenyewe kwa alama za vidole. Yule Mkenya aliniambia yake ilimpotea hivyo, na akaunti ikamfungia mlango mwaka mzima pesa zikiwa ndani. Kwa hiyo kila tarehe moja dada aliniwekea vocha ya elfu moja, nami nikamtumia meseji kwa laini hiyohiyo. Nyingi zilikuwa neno moja, "Nipo."

Dada yangu alinishauri nimwachie kadi na namba ya siri. Nilikataa, na hatukuongea siku mbili. Badala yake nilikuwa nimeandikisha kwa wakili hati ya kumruhusu kunisimamia benki, na ilimfaa alipohitaji taarifa ya akaunti yangu yenye mhuri. Pesa za dharura nilimtumia kutoka Leipzig moja kwa moja kwenye simu yake, zikafika kwa dakika.

Mwaka wa pili kiwango cha Sperrkonto kilikuwa kimepanda hadi euro 992 kwa mwezi, lakini nilikuwa na kibarua chuoni na mambo yakaenda. Nilirudi nyumbani Septemba 2025. Akaunti ya Leipzig sikuifunga, kwa kuwa mwenye nyumba alishikilia amana yangu mpaka hesabu za maji na joto zikamilike. Iliingia Januari. Nikaihamishia Morogoro, nikaituma barua ya kufunga akaunti ikiwa na saini yangu, nao wakajibu kwa posta, kwenye anwani ile ya zamani. Jirani alinipigia picha bahasha kabla ya kuifungua. Kwenye kona ya picha lilionekana sanduku, na selotepu yake ilikuwa bado imeshika.