Kwani Rufiji hakuna mikoko?

Shangazi aliniuliza hivyo juzi kwenye simu, bila ukali wowote, na tangu hapo neno lake limenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Nilikuwa namsomea ratiba ya Desemba, akija Bhubaneswar, India: asubuhi magofu ya Kibudha ya Ratnagiri, mchana boti kwenye mikoko ya Bhitarkanika. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, nipande ndege zote hizo nikaangalie matope? Kwani Rufiji hakuna mikoko? Na mamba je?"

"Wapo, Shangazi."

"Haya."

Hilo "haya" ndilo linalonichoma. Mitihani imekwisha Jumanne, alhamdulillahi, lakini usiku nikifumba macho nasikia "haya".

Basi nimeipanga siku ile upya, safari hii nikianzia kwenye maji. Wengi huanzia kwenye magofu, wakataka yote matatu, Lalitgiri, Udayagiri na Ratnagiri, kwa kuwa yako karibu karibu. Wakifika lango la Khola, boti zinakoondokea, huenda maji yamekwisha kujaa, tope lote limefunikwa, na mamba hawaonekani. Mamba wa maji chumvi huota jua ukingoni maji yakipwa, hasa Desemba na Januari usiku unapokuwa wa baridi. Kwa hiyo kwanza nitafute siku ambayo maji yanapwa kabisa kwenye saa nane mchana. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo kosa la siku tatu ni kosa la saa mbili na nusu. Tena ratiba ya maji ni ya pwani; mtoni yanachelewa zaidi, na wa kuulizwa ni mwenye boti.

Boti iondoke saa sita. Vijito vyembamba viingiwe kwanza, maji yakiwa bado nusu, maana yakipwa sana boti inakwama. Kisha tutoke mto mkubwa wakati tope linafunuka. Saa tisa tuwe tumeshuka: jua la Desemba kule linazama baada ya saa kumi na moja tu, na barabara za vijijini kuelekea Rajnagar si za kuendesha gizani.

Ukirudi nyuma kutoka hapo, asubuhi inabaki na gofu moja tu. Nimechagua Ratnagiri. Kuondoka saa kumi na moja alfajiri, kufika kama saa moja, kuondoka saa tatu kasoro, halafu zaidi ya saa mbili mpaka Khola. Makumbusho ya pale yatakuwa hayajafunguliwa, na inaniuma, ila nyumba kubwa ya watawa yenyewe inatosha: ua wa matofali uliozungukwa na vyumba vya watawa, mlango wa jiwe la kijani lililochongwa kama lesi, na nje stupa, yaani vinara vya ibada vya Kibudha, ndogo ndogo mamia kwa mamia. Mwanaakiolojia Debala Mitra alipachimbua kati ya 1958 na 1961, na mihuri ya udongo iliyopatikana ndiyo iliyothibitisha jina la mahali. Goti la Shangazi litapanda kilima taratibu kabla ya jua kuwa kali.

Pasipoti halisi mkononi, si nakala, kwa ajili ya kibali cha langoni. Fedha taslimu. Maji lita mbili kila mtu, na chooni ni kabla ya kupanda boti. Mei hadi Julai hifadhi imefungwa mamba wakitaga, na Januari hufungwa siku kadhaa wakihesabiwa. Mwaka 1975 hawakufika 100. Sasa wamepita 1,700.

Nilipofika kwenye orodha ya miti ya mikoko ya Bhitarkanika kalamu ikasimama. Mkoko ni uleule wa Rufiji. Mchu uleule. Muia, mkomafi, vilevile. Na ule mti wanaouita sundari ni ndugu wa msikundazi, ila wenyewe unatoa mizizi ya kupumulia juu ya tope, na msikundazi wetu una mizizi mipana kama mbao zilizosimamishwa. Shangazi kakulia Nyamisati, huko huko delta ya Rufiji. Atavitambua vyote hivi kwa macho kabla mwongoza boti hajafungua mdomo, na atauona huo mmoja usio wa kwao. Alikuwa akiniuliza swali, nami nikalisikia kama kukataa! Mbona sikumjibu kwamba miti ni ileile, Shangazi, njoo uniambie majina? Akae mbele kabisa, upande wa kivuli. Kesho nampigia.