Nilivyoikataa bili ya gereji ya milioni moja

Gari langu ni Toyota IST, na kazi yake kubwa ni kubeba sambusa. Alfajiri nakaanga, saa moja na nusu niko njiani kutoka Goba kwenda Posta kusambaza maofisini. Njia ya mtaani kwetu ni mashimo matupu, kwa hiyo ule mlio wa ko-ko-ko ulipoanza chini ya tairi la mbele kulia, sikushangaa.

Nikapitia gereji moja ambayo jirani aliisifia. Fundi akapiga jeki, akatikisa tairi, akasema stablaiza linki, vile vyuma vyembamba vinavyozuia gari kuyumba, zimekufa na breki pedi zimebaki nyembamba kama wembe. Nilikuwa na haraka, vyombo vya wateja vinanisubiri, nikamwambia aniandikie bei WhatsApp. Akaandika: linki mbili elfu 70, pedi elfu 55, ufundi elfu 40, jumla 165,000. Nikamjibu: "Sawa kaka, fanya hizo tu." Sikuandika vile kwa ujanja wowote. Ni haraka tu. Ila yale maneno mawili, "hizo tu", ndiyo yaliyokuja kunibeba.

Kesho yake jioni nikakabidhiwa karatasi. Chini kabisa pameandikwa 1,038,400. Nikadhani nimesoma namba ya chasisi. Linki zimepanda mpaka 90,000, pedi 85,000. Halafu shokapu mbili mpya za mbele 320,000, boljointi mbili (vile viungo vya chini vinavyoshikilia tairi la mbele) 120,000, oili na filta 95,000, kupima gari kwa mashine 50,000, ufundi 120,000. Juu ya yote hayo, VAT asilimia 18.

Mwenye gereji, mtu mzima wa makamo ya baba yangu mdogo, akanitazama kwa huruma kabisa. "Mama angu, hili gari lilikuwa linakwenda kukuua. Tumekuokoa." Nikapiga kelele. Nakiri, siku hiyo nilipiga kelele mpaka wateja wengine wakageuka, na haikusaidia hata shilingi. Alichofanya ni kuniambia gari lilale hapo hapo, na kuanzia kesho maegesho ni elfu 10 kwa siku.

Usiku nikampigia shemeji yangu, ni wakili. Nilitegemea aniambie niende na polisi. Akacheka. Akanieleza kwamba kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, fundi aliyefanya kazi mliyokubaliana anaweza kulishikilia gari mpaka alipwe ujira wake. "Lakini ni kwa kazi mliyokubaliana, shemeji. Si kwa kila alichojisikia kufanya. Na maegesho aliyoyatunga leo jioni hayamo." Akaniambia pia niache kubishana na ile jumla, nibishane na mstari mmoja mmoja, na niombe vifaa vya zamani, maana hivyo ni mali yangu. Ikishindikana kabisa, nilipe ile 165,000 kwa maandishi, halafu nipeleke malalamiko Tume ya Ushindani, au nifungue madai Mahakama ya Mwanzo.

Asubuhi sambusa zikaenda Posta na bodaboda. Nusu ya faida ikaishia hapo. Mimi nikashuka Gerezani, kule Kariakoo, nikazunguka maduka matatu ya spea nikiuliza bei kama mnunuzi. Bei za kwenye WhatsApp zilikuwa za kawaida kabisa. Za kwenye bili zilikuwa za mtu aliyeona mwanamke mwenye haraka.

Gereji sikurudi peke yangu. Nilimbeba fundi wa mtaani kwetu, mzee aliyejifunzia kazi kwenye Peugeot 504, ambaye haongei sana. Tukafika, shikamoo yangu nikaitoa kama kawaida, maana ugomvi si sababu ya kuacha adabu. Nikaomba mambo mawili: gari linyanyuliwe, na vifaa vya zamani viletwe.

Mzee akaingia chini na tochi ya simu. Akaniita niiname. Boljointi ya kulia ilikuwa imezungukwa na tope jekundu lililokauka, lile lile la Goba. Mpira wake umechanika, grisi imetoka nje nyeusi na kushika mchanga. "Angalia nati," akasema. Nati iliyopitiwa na spana hubaki na mikwaruzo inayong'aa kwenye kona. Zile za linki, shubiri moja tu kutoka pale, zilikuwa zinang'aa. Ya boljointi ilikuwa na kutu pande zote sita. "Mwanangu, hii imezaliwa na gari." Nikapiga picha, nati zote mbili ndani ya picha moja.

Akahamia kwenye shokapu. Zilibadilishwa kweli, nyeusi tii zinameremeta. Akakwangua kwa ukucha chini ya springi, rangi ikabanduka, ndani kutu. Mtumba uliopakwa rangi. Bili inasema mpya.

Kijana akaja na mfuko wa rambo: linki zangu mbili na pedi. Boljointi za zamani? Zimetupwa. Shokapu za zamani? Akamtazama bosi wake, bosi akatazama simu. Sijui zilikwenda kwenye gari la nani, lakini hapo nikaona upepo umegeuka. Hawezi kuniambia "basi tunakurudishia zako", kwa sababu hazipo.

Tukaingia ofisini. Nikaweka simu mezani, ile meseji ya "fanya hizo tu" imefunguliwa, nikaweka na picha. Nikaanza na boljointi, zikafutwa bila neno. Kupima kwa mashine: nikauliza mashine ilipima nini, wakati mlio ulikuwa chini na taa ya injini haijawahi kuwaka. Ikafutwa. Nilipofika kwenye VAT nikauliza kwa upole VRN yao, yaani namba ya usajili wa VAT, ni ipi, maana anayetoza VAT lazima awe amesajiliwa, na itatakiwa ionekane kwenye risiti ya EFD, ile mashine ya risiti ya TRA. Kimya. Feni inazunguka. Akasema, "Hiyo tuiache."

Oili nilikubali. Sikuiomba, lakini nilikuwa nimechomoa kijiti nikaona ni safi kama asali, na kweli muda wake ulikuwa umefika. Nikasema nalipa 80,000, bei ya Gerezani. Shokapu ndizo zilizotuchukua nusu saa. Msimamo wangu: nirudishiwe zangu, au nilipe bei ya mtumba. Akalia, akaapa, akataja watoto wake. Tukafunga kwenye 120,000 kwa zote mbili. Akaomba angalau vijana waongezewe ufundi kwa kuzifunga, nikaongeza 15,000, kwa sababu wale vijana kazi waliifanya, hata kama hakuna aliyewatuma isipokuwa yeye. Shemeji aliposikia alisema nimekuwa mlaini, kwamba kwa kitu ambacho sikukiagiza sikupaswa kutoa hata senti. Labda. Lakini kila siku gari likilala pale mimi nilikuwa nalipa bodaboda, na hilo mwenye gereji alilijua vizuri kuliko wakili.

Jumla ikawa 380,000. Kabla ya kulipa nikamtaka aandike kwenye karatasi ile ile kwamba bili ya kwanza imefutwa na hakuna deni, akasaini. Nikalipa kwa Lipa Namba, nikasimama pale kaunta. Dada wa mapokezi akaniuliza nasubiri nini. Nikamwonyesha tangazo la TRA ukutani nyuma yake: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Akacheka, akaiwasha mashine. Risiti ikatoka ya 380,000, VAT hamna.

Ule mlio wa ko-ko-ko kweli ulikwisha, kazi ya linki waliifanya vizuri. Boljointi akazibadilisha yule mzee Jumamosi iliyofuata, chini ya mwembe nje kwake, mimi nimekaa kwenye ndoo namshikia tochi. Alipomaliza akazifunga zile za zamani kwenye gazeti na kunikabidhi kabla hata sijaziomba. Zipo kwenye buti mpaka leo, chini ya hotipoti.