Mwana-kondoo wa Yule Maskini

Somo la juma: 2 Samweli 12:1–6

Wapendwa katika Bwana, juma hili naandika juu ya jambo ambalo wengi wetu hulificha, nami mwenyewe nililificha kwa siku nne. Mbwa wetu Chui, aliyekaa nasi hapa Mamboleo kwa miaka 13, amekufa. Jumapili, mlangoni mwa kanisa, nilipoulizwa habari za nyumbani nilijibu kwamba sote ni wazima, nikaingia na kuketi mahali pangu. Lakini wimbo wa kwanza ulipoanza machozi yalinitoka, nikainama kama mtu aliye katika maombi ili aliyeketi kando yangu asinione. Niliona aibu. Nilijiambia kwamba haifai mzee wa kanisa kulia kwa ajili ya mbwa, hasa kwa kuwa kwenye benchi la mbele alikuwa ameketi mama aliyemzika mumewe mwezi wa Agosti. Saa hiyo hiyo, katika darasa la shule ya Jumapili, mtoto wetu wa mwisho alikuwa amenyoosha mkono na kuomba aombewe kwa kuwa Chui amekufa. Yeye hakuwa na aibu yoyote, na kufikia mwisho wa ibada kanisa zima lilikuwa limejua.

Sisi watu wa huku ziwani tunajua kuomboleza. Mtu akifa, hema husimamishwa, viti hukodishwa, ndugu hukesha na wafiwa usiku baada ya usiku, michango hukusanywa, mwili husafirishwa hadi nyumbani kwa wazee wake, na hata asiyemjua marehemu huja kushika mkono wa mfiwa na kumwambia pole. Huzuni hugawanywa kati ya watu wengi hata aliyefiwa akaweza kusimama. Mbwa akifa hakuna hema wala mkesha. Kesho yake mtu huamka, hupanda matatu kwenda kazini, na akithubutu kulitaja jambo lenyewe huambiwa, bila ubaya wowote, kwamba alikuwa mbwa tu na kwamba watoto wa mbwa ni wengi mtaani. Nimelitafakari sana hilo neno “tu” juma hili. Linampa mfiwa kazi mbili: kuubeba msiba wake, na kuutetea.

Kwa sababu hiyo nimerudi kwa Nathani. Mfalme Daudi alikuwa amemchukua mke wa Uria na kumwua Uria mwenyewe kwa upanga wa adui, na miezi ilikuwa imepita bila yeye kujihukumu. Ili kuufungua moyo huo uliofungwa, nabii aliyetumwa na Mungu hakuanza kwa kumsomea sheria. Alimsimulia habari za mnyama wa nyumbani. Tajiri alikuwa na kondoo na ng'ombe wengi, na Nathani anampita haraka. Anapofika kwa maskini anakawia. Anasema kwamba mtu huyo alimnunua mwana-kondoo mmoja mdogo na kumlea, akakua pamoja naye na watoto wake, akala chakula chake, akanywea kikombe chake, akalala kifuani mwake, akawa kwake kama binti. Kisha tajiri akamnyang'anya maskini mwana-kondoo huyo, akamwandalia mgeni wake. Hebu tusome mstari wa tatu polepole. Kikombe, kifua, binti: hayo hayahitajiki katika mashtaka ya wizi wa mifugo, bali nabii aliyaweka kwa makusudi, akijua kwamba hayo ndiyo yatakayomfikia mfalme.

Naye Daudi hakusema kwamba alikuwa kondoo tu. Hasira yake iliwaka sana, akaapa kwamba aliyefanya hivyo anastahili kufa na kwamba atalipa mara nne. Sheria ya Musa, katika Kutoka 22:1, iliagiza kondoo wanne kwa kondoo mmoja aliyeibwa, wala haikutaja kifo. Daudi aliruka mpaka wa sheria, na mimi naamini aliruka kwa sababu alikuwa amelelewa machungani. Ni yeye aliyemwambia Sauli kwamba simba au dubu alipomnyakua mwana-kondoo kundini alimfuata na kumpokonya kinywani mwake. Mtu wa namna hiyo alifahamu kwamba wako wanyama ambao hata ukiletewa wanne badala yao hujalipwa.

Najua kwamba mfano ule ulihusu dhambi ya Daudi, wala haukukusudiwa kutufundisha habari za kufuga. Sitaki kulipinda Neno ili linifariji. Lakini mfano haumchomi mtu kwa jambo lisilokuwapo. Kama upendo wa yule maskini kwa mnyama wake ungekuwa upuuzi, Daudi angecheka, na Nathani angerudi nyumbani kazi yake haijafanyika.

Chui alikuja kwetu kama nyongeza. Mke wangu alikwenda kwa jirani kununua kuku watano, akarudi nao pamoja na mbwa mdogo mwenye madoadoa mgongoni, wa mwisho katika uzao wa wanane, ambaye hakuna aliyemtaka kwa kuwa alikuwa mnyonge. Ndiyo maana siwezi tena kusoma habari za shomoro kama nilivyozisoma zamani. Mathayo anaandika kwamba shomoro wawili waliuzwa kwa senti moja, naye Luka anaandika kwamba watano waliuzwa kwa senti mbili. Yeyote aliyewahi kununua nyanya Kibuye anaielewa hesabu hiyo: wa tano alitiwa juu ya fungu, bure, ili mnunuzi aondoke ameridhika. Na ni katika Luka, ambako huyo wa tano yupo, Bwana anaposema kwamba hakuna hata mmoja wao anayesahauliwa mbele za Mungu.

Mbwa huyo mnyonge alikua akawa mlinzi wetu. Aliujua mlio wa pikipiki yangu kabla haijakata kona, na nilipofika getini nilimkuta amesimama tayari, mkia ukigonga bati. Kitu kimoja tu kilimshinda: radi. Mnajua jinsi mawingu yanavyotoka ziwani jioni na ngurumo zinavyotanda juu ya Riat. Zikianza, Chui aliacha lindo lake, akaingia ndani akiwa ameinamisha kichwa, akapita chini ya meza ya chakula na kuuegemeza mgongo wake kwenye miguu ya yeyote aliyekuwa ameketi hapo. Alitetemeka hata vijiko vikasikika mezani. Tuliendelea kula, na kila mmoja kwa zamu yake alishusha mkono chini.

Alhamisi usiku, siku moja baada ya kumzika, nilikuwa natafuta risiti ya karo nikafungua droo ambamo mke wangu huhifadhi karatasi za nyumbani. Humo nikaikuta kadi ya Chui ya chanjo ya kichaa cha mbwa, yenye tarehe na sahihi ya kila mwaka, imefungwa kwa mpira mmoja pamoja na kadi za kliniki za watoto wetu watatu. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. “Akawa kwake kama binti.” Niliketi pale sakafuni muda mrefu.

Sasa niseme juu ya kufa kwake, kwa kuwa nafahamu wako kati yetu wanaobeba mzigo huo huo kimya. Figo zake zilikuwa zimechoka. Alianza kwa kunywa maji mengi kupita kawaida, akakonda, kisha akakataa ugali, na mwisho akakataa hata omena, ambayo hakuwahi kuikataa maishani mwake. Daktari wa mifugo alimwekea maji ya mshipa kwa siku tatu, akatuambia ukweli kwamba hataweza kupona, na kwamba tunaweza kumwacha amalizike kwa maumivu au kumpa sindano. Hiyo sindano ni dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa: mnyama hulala kwanza, asihisi lolote, kisha pumzi husimama, kisha moyo. Tulikubali. Nilimshika kichwa mapajani mwangu, na jambo lenyewe lilikwisha upesi kuliko nilivyodhani. Kisha, kwa siku zile nne, sauti ndani yangu iliniuliza ni nani aliyenipa ruhusa ya kuamua.

Nililopata ni Mithali 12:10, “Mwenye haki huufikiri uhai wa mnyama wake.” Katika Kiebrania maneno hayo yana uzito ambao tafsiri yetu inaudokeza tu. Lile lililotafsiriwa “uhai” ni nefeshi, neno lile lile linalotumika kwa nafsi ya mwanadamu. Na lile lililotafsiriwa “huufikiri” ni kitenzi cha kujua. Mwenye haki anaijua nafsi ya mnyama wake. Aliyemlisha na kumwogesha, aliyemtoa kupe masikioni kila Jumamosi, anajua mnyama wake anapofurahi na anapochoka, na anajua pia anapofika mwisho. Nilimjua Chui, na kwa kuwa nilimjua, sikuweza kumwacha ateseke kwa siku nyingine kumi ili mimi nisiwe na la kujilaumu. Ikiwa nilikosea, nimelipeleka jambo hilo kwa Mungu, wala sioni kwamba ameniacha nalo peke yangu. Na wewe ambaye mbwa wako aligongwa na gari au alilishwa sumu na watu wasiojulikana, usipate hata nafasi ya kumshika kichwa, nakuombea hasa, maana nadhani jeraha lako ni la kina kuliko langu.

Kwa watoto tuliamua kusema kweli. Wapo waliotushauri tuwaambie kwamba Chui amepelekwa shambani kwa nyanya yao, na wengine kwamba amelala. Sikubaliani na ushauri huo. Mtoto akiambiwa kwamba aliyekufa amelala, ataogopa kulala. Na akiambiwa kwamba yuko shambani, atamtafuta Desemba tutakapokwenda, na siku hiyo atakuwa amempoteza mbwa na pia imani yake kwa wazazi. Tuliwaambia kwamba amekufa, kwamba kufa ni mwili kuacha kufanya kazi, na kwamba hatarudi. Walilia, nasi tukalia pamoja nao.

Tulimzika jioni ile ile chini ya mwembe. Daktari alikuwa ametuonya tuchimbe chini sana, kwa sababu dawa ile hubaki mwilini, na mbwa mwingine au ndege akifukua na kula anaweza kufa. Nilichimba hadi shimo likanifika kiunoni. Sikujua ni sala gani inayofaa, nikasoma Zaburi 104 pale inaposema kwamba Bwana huiondoa pumzi ya viumbe wakarudi mavumbini, na kwamba huipeleka roho yake wakaumbwa. Kisha kila mtoto akamshukuru Mungu kwa jambo moja. Mkubwa alishukuru kwa usiku ambao Chui alibweka hata wezi wakaruka ua. Wa pili alishindwa kusema. Wa mwisho alishukuru kwa masikio yake.

Kisha akaniuliza kama atamwona mbinguni. Wapendwa, hapo ni lazima tuwe waangalifu, maana Maandiko hayatoi jibu la moja kwa moja, nami naona kwamba wanaohubiri kwa ukali kuwa hapana, na wanaoahidi kwa upole kuwa ndiyo, wote wanakwenda mbele ya Neno. Lakini yaliyoandikwa si machache. Baada ya gharika Mungu aliweka agano na Nuhu na pia na kila kiumbe chenye uhai kilichotoka katika safina. Zaburi 36 inasema kwamba Bwana anawaokoa wanadamu na wanyama. Kitabu cha Yona kinamalizikia katika swali la Mungu mwenyewe juu ya Ninawi, mji wa watu zaidi ya 120,000, na maneno yake ya mwisho ni juu ya wanyama waliokuwamo. Paulo naye, katika Warumi 8, anaandika kwamba viumbe vyote vinaugua pamoja, na kwamba vitawekwa huru. Nilimwambia mwanangu kwamba Chui yuko mikononi mwa yule aliyemwumba, na kwamba Mungu hakumsahau alipokuwa mnyonge wa mwisho katika wanane, wala hajamsahau sasa. Aliridhika kuliko nilivyoridhika mimi.

Jumanne jioni mtu alibisha getini, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na aliyebweka. Alikuwa yule mama wa benchi la mbele. Nilianza kuomba radhi, nikisema kwamba sikutaka jambo dogo kama hili limfikie yeye aliye katika msiba mkubwa. Alinisikiliza hadi nikamaliza, akaketi, akasema, “Baba, niambie alikuwaje.” Nikamweleza, habari za radi na za meza. Naye akatuambia kwamba mumewe alikuwa na mbwa, na kwamba tangu Agosti mbwa huyo huenda getini kila siku saa kumi na mbili jioni, akaketi akitazama barabara hadi giza liingie, kisha hurudi na kulala mlangoni. Yeye humwangalia kutoka dirisha la jikoni. Hakuwa amemweleza mtu yeyote, kwa sababu kila aliyekuja kumpa pole alikuja kwa ajili ya mume, na aliona si vizuri kuanza kuzungumza habari za mbwa.

Ushirika wetu wa Jumatano hii utakuwa nyumbani kwake, saa kumi na moja jioni. Tutasoma 2 Samweli 12 hadi mstari wa sita. Ameomba tuketi nje, upande wa geti, na mbwa asifungwe.