Homoni za shangazi zinatoka wapi?

Jumapili nilienda Mbagala kwa shangazi, nikamkuta barazani anakunja na kukunjua vidole kama mtu anahesabu madeni. Ana miaka 61, mwaka jana walimtoa titi la kushoto, akamaliza dripu na mionzi, sasa hivi yuko kwenye kidonge kimoja tu kwa siku, letrozoli. Sijakaa vizuri akaniuliza: "Mwanangu, waliniambia kansa yangu inakula homoni za kike. Mie hedhi ilikata zamani, wewe hata form four hujamaliza. Sasa hizo homoni zinatoka wapi?"

Aliyemwandikia dawa hakumweleza, foleni ilikuwa ndefu. Na mie nilisoma maabara tu, ila kwa ukoo wetu hiyo inatosha, hata mbuzi akiumwa napigiwa simu.

Nikamwambia hivi shangazi, ovari zako zilikuwa kama ile mashine kubwa ya kusaga, mtaa mzima unapeleka mahindi pale. Hedhi ilipokata mashine ikafungwa, lakini mahindi bado yapo, na kila nyumba ina kinu chake. Mahindi ni homoni za kiume, maana mwanamke naye anazo, nyingine zinatoka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo. Kinu ni kimeng'enya kinaitwa aromatesi, na kinapatikana hasa kwenye mafuta ya mwili, kinachukua homoni ya kiume kinaigeuza kuwa estrojeni. Hata mafuta ya ndani ya titi lenyewe yanatwanga, ndo maana baada ya kukoma hedhi estrojeni ndani ya titi inaweza kuwa juu kuliko ile inayopimwa kwenye damu. Akajishika tumbo, "Kwa hiyo ni hili?" Nikamwambia hata mwembamba anacho, ila ni kweli unene baada ya kukoma hedhi unaongeza hatari, vinu vinakuwa vingi.

Letrozoli kazi yake ni kukizuia hicho kinu. Anastrozoli nayo hivyohivyo. Eksemestani ni ndugu yao lakini mkorofi zaidi, yenyewe inanasa ndani ya kinu moja kwa moja, hakitwangi tena mpaka mwili utengeneze kipya. Na zote zina maana kama kipimo cha kipande cha nyama ya uvimbe kilionyesha una vipokezi vya homoni, yaani viti ambavyo homoni inakalia, kama havipo unameza bure.

Hapo ndo nikapata ubuyu. Kuna binti wa jirani, ana miaka 34, naye anatibiwa titi ila yuko kwenye tamoksifeni, na alikuwa anataka wabadilishane eti cha shangazi ni cha kisasa. Jamani! Yule mashine yake kubwa bado inanguruma, ukimzuilia kinu peke yake ubongo unaona estrojeni imepungua unazidi kuzihimiza ovari, kwa hiyo wa umri wake akipewa dawa za aina hii kwanza wanazilaza ovari, kwa sindano mfano. Tamoksifeni haigusi unga kabisa, inaenda kukaa kwenye vipokezi ili estrojeni ikifika ikute kiti kina mtu.

Halafu tamoksifeni nayo inahitaji fundi. Ukiimeza bado haijaiva, ini ndo linaigeuza kuwa endoksifeni yenye nguvu mara nyingi zaidi, kwa kimeng'enya kinaitwa CYP2D6, na kuna watu wamezaliwa nacho cha mwendo wa pole, huku Afrika toleo moja la pole limeenea sana. Kuna na dawa za sonona zinazokizuia, kama paroksetini na fluoksetini. Nikamwambia shangazi ampe huyo binti ujumbe, akienda kliniki ataje kila anachomeza, vidonge vyake asigawane na mtu.

Vidole? Ni hiyohiyo letrozoli, estrojeni ikishuka viungo vinakaza hasa asubuhi na mifupa inapungua nguvu, akaseme kliniki wampime mifupa, pengine wambadilishie ndugu yake mmoja. Asiache tu kimyakimya, maana najua ndicho alichokuwa anakiwaza.

Akanyamaza, akaangalia bakuli la unga wa chapati ambalo tangu nifike halijakandwa. "Basi kawaambie hicho kinu wakivunje," akasema, "ila mchi wasinipige nao kwenye vidole." Akanisogezea bakuli nikande mimi.