Baiskeli Isiyovuka Mlango

Alhamisi mnoa visu alipita hapa kwetu Magomeni Mikumi. Akasimamisha baiskeli yake chini ya mwarobaini, akashusha stendi, akapanda na kuanza kukanyaga. Mkanda ukavuta jiwe, cheche zikaruka, baiskeli ikabaki palepale. Mjomba alikuwa kibarazani na kahawa yake. Alimtazama yule bwana kwa muda, kisha akanigeukia.

"Si ndiyo hii unayoendesha huko Ulaya?"

"Inakaribia, mjomba."

"Ila wewe hunoi kitu."

Sikuwa na jibu. Siku mbili kabla nilikuwa nimekosea, nikamwonyesha video: mimi na kaptula, jasho linachuruzika, baiskeli imefungwa sebuleni kama mbuzi wa Idi, na nje ya dirisha theluji. Tangu hapo nyumba nzima ina mada.

Ninaishi Tampere, Ufini. Mwezi Desemba jua linachomoza karibu saa nne kasoro asubuhi, na mnamo saa tisa alasiri linazama. Unakwenda kazini gizani, unarudi gizani. Wenyeji hawajali. Utamwona bibi kizee anapita na baiskeli juu ya barafu, tairi zina misumari midogo ya chuma, mboga zake zimo kwenye kapu. Mimi nilijaribu majira yangu ya baridi ya kwanza, nikaanguka mara mbili ndani ya wiki moja. Mara ya pili ilikuwa mbele ya kituo cha basi kilichojaa watu, na Wafini kwa adabu yao wote wakainamia simu zao. Nikakoma.

Shida ni kwamba kabla ya kuhama nilikuwa mtu wa Jumamosi. Saa kumi na mbili asubuhi tunakutana Mwenge, tunaishika Barabara ya Bagamoyo: Lugalo, Tangi Bovu, Tegeta, Boko, mpaka Bunju kwa chai na chapati. Wenye miguu wanaendelea hadi Bagamoyo kwenyewe. Huko Ufini pilau napika, jua nimezoea kulikosa, lakini Jumamosi ile ilinishinda. Ndipo nikanunua treina janja iliyotumika, yuro 350, kwa mtu aliyekuwa anahama nyumba.

Kwa asiyeijua: unatoa gurudumu la nyuma, unapachika baiskeli kwenye kifaa chenye gia zake, cheni inakaa pale kama kawaida. Ndani mna gurudumu zito la chuma na sumaku ya umeme. Kifaa kinaongea na kompyuta kwa bluutuuthi. Kwenye skrini ukifika mlimani, sumaku inabana, na miguu inapata habari hapohapo. Nguvu zako zinahesabiwa kwa wati, kama balbu. Programu ninayotumia zaidi ni Zwift. Ina kisiwa cha kubuni chenye volkano, na mlima ulionakiliwa kutoka Alpe d'Huez ya Ufaransa, kona zake zote 21 zimo. Nimeupanda mara nne na sijawahi kufika nao Ufaransa.

Ipo pia hali ya mateso. Unaiambia wati 200, inazishikilia. Ukikanyaga haraka inalegea, ukikanyaga polepole inakaza. Sasa siku umechoka: unapunguza mwendo, inakaza, unapunguza tena, inakaza tena, hadi pedeli zinagoma na wewe umesimama kama gari lililokwama kwenye maji ya Jangwani.

Hayo hakuna anayekuambia dukani. Wala hakuna anayekuambia habari za jasho. Ndani hakuna upepo, kwa hiyo hata nje kukiwa nyuzi 15 chini ya sifuri utafungua dirisha na kuwasha feni, na bado litadondokea usukani. Baada ya miezi minne nati zangu zilikuwa zimeliwa na kutu kama mabati ya Kigamboni. Halafu kuna mtetemo. Jirani wa chini alibandika mlangoni kwangu karatasi ya heshima sana, akiuliza kama mashine yangu ya kufulia ina tatizo. Nikaweka mikeka miwili ya mpira, na saa nne usiku nazima kila kitu.

Kilichoniokoa ni kitu kidogo. Rafiki yangu mmoja wa Sinza alirekodi njia ya Mwenge hadi Bunju kwa simu, akanitumia faili. Nikaipakia kwenye kompyuta ndogo ya usukani, nayo ikawa inaiamuru treina: pale wao wanapanda, na mimi napanda. Wakati wa baridi Ufini iko nyuma ya Dar kwa saa moja tu, kwa hiyo Jumamosi naamka saa kumi na nusu alfajiri, saa kumi na moja napiga simu, jamaa anaiweka mfuko wa nyuma wa jezi. Nasikia honi za daladala, konda anaita Tegeta Tegeta, mtu anatukanana na bodaboda. Tunakanyaga pamoja mpaka bando linakata, kwa kawaida pale Africana.

Jumamosi hii nilikuwepo mwenyewe, baiskeli ya kuazima. Nilijiona nimeiva, maana kwenye jaribio la dakika 20 la Novemba nilitoa wastani wa wati 240. Mteremko wa kuelekea Mlalakuwa mwenzangu akapiga kelele, "Acha kukanyaga wewe, unakimbizwa na nani?" Nilikuwa nimesahau kwamba baiskeli inaweza kwenda yenyewe. Kwenye ile hali ya mateso hakuna mteremko. Shimo la Tangi Bovu lilinikuta nimekaa kama niko sebuleni, na bajaji iliyokata mbele yangu pale Goigi nusura initoe uhai. Joto ndilo lilinimaliza. Tegeta moyo ulikuwa unapiga ngoma, na wati zangu zote sizioni zilikokwenda.

Bunju, juu ya chapati, bado wanazungumzia Kigali: mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani, Septemba 2025, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Waliyaona yote. Mmoja anamwiga mwendesha baiskeli Pogačar hadi anavyokunywa maji. Nikasema hata hao wakubwa hupasha misuli juu ya treina kabla ya mbio za kupambana na saa. Nilitaka niwe na la kumjibu mjomba. Jamaa wa Sinza akasema, "Wanapasha. Halafu wanatoka nje."

Leo Jumatatu mnoa visu karudi. Mjomba akamwita, akamwambia, "Mpishe huyu akanyage. Ana mazoezi."

Nikapanda. Yule bwana alishika kisu cha Mama cha jikoni, akakilaza kwenye jiwe, mimi nikaanza kusukuma kama niko kwenye volkano. Cheche zikawa nyingi, nikafurahi. Akainua kisu.

"Polepole, kaka. Kikipata moto sana kinakufa makali."

"Polepole kiasi gani?"

Alinitazama kama nimeuliza chumvi ni kitu gani. "Sikiliza jiwe."

Nikapunguza. Ilichukua muda. Jiwe lilipoacha kulia na kuanza kunong'ona, akatikisa kichwa kukubali, akakirudisha kisu. Tulinoa viwili na panga la mjomba. Nililipa mimi, ingawa kazi niliifanya mimi, na mjomba akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Mama alikuwa jikoni. Nikampa kisu, akachukua kitunguu, akakipasua mara moja.

"Kinakata," akasema, akaendelea na mboga.