Kambi ya siku tatu Kwihara: nta ya pili imeshika

Imeshika ile nta ya pili ya batiki yetu. Njano imebaki njano, kijani kimekaa mahali pake, na mstari kati yake umenyooka kama nilivyouchora. Kitambaa nimekitandaza mezani hapa ninapoandika na kila dakika nakigeuza nitazame upande wa pili.

Tangu Februari nimekuwa nikiandika jambo lilelile. Nta ya kwanza, inayolinda weupe, haijawahi kutusumbua. Ni ile ya pili, inayopakwa baada ya rangi ya njano ili njano isimezwe na bluu, ambayo ikikaa juu ya njano hutoa kijani. Kila mara bluu ilipenya chini yake. Tulikusudia majani ya njano kwenye uwanja wa kijani, tukapata tope. Mita nane za marekani, kitambaa chetu cheupe cha pamba, zimeishia kuwa vitambaa vya kufutia meza, na moja ya meza hizo ni yangu.

Tumekwisha kulaumu kila kitu. Tulianza na wanga wa kitambaa, tukachemsha marekani mara mbili. Halafu haidrosi, ile dawa ya unga inayosaidia rangi kuyeyuka, kwa kuwa kopo lililokwisha kufunguliwa huvuta unyevu na kupoteza nguvu, tukanunua jipya. Halafu mchanganyiko wa nta. Tulikuwa tunatumia nusu nta ya nyuki, nusu mishumaa. Mishumaa peke yake hukauka ikapasuka, na nyufa ni nzuri ukizitaka. Nta ya nyuki hulainika na kujikunja pamoja na kitambaa. Tukapandisha nta ya nyuki mpaka robo tatu. Hapa Tabora hatuna kisingizio cha kuikosa. Wafugaji wanaileta kutoka Sikonge, imetoka kwenye mizinga ya magome, ina harufu ya moshi na asali mpaka nyumba nzima inanukia. Lakini bluu ikapenya vilevile.

Halafu tukalaumu joto la maji ya rangi. Hapo nilipoteza Jumamosi tatu nzima. Rangi zetu huyeyushwa kwa maji ya moto pamoja na kostiki soda na haidrosi, kisha unamimina kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Maji yakipoa sana rangi hailiki vizuri. Yakizidi joto, nta inaanza kulegea. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto kama 62 hadi 64, lakini hulainika mapema zaidi, kwa hiyo usisubiri mpaka uione ikielea. Nikawa napima kwa kipimajoto cha jikoni kila dakika tano. Maji yalikuwa sawa. Njano yetu ikaendelea kufa.

Sasa nieleze kambi, maana jibu lilipatikana huko na naamini lisingepatikana Jumamosi.

Tuko sita. Mimi muuguzi, yupo mwalimu, fundi cherehani, binti wa chuo, mzee mstaafu wa reli, na dada anayeuza vitumbua asubuhi kule Ng'ambo. Tunakutana Jumamosi moja kila wiki mbili, uani kwa mwalimu, Isevya, chini ya mwembe, kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja. Saa tatu hizo tumezipigania. Mimi nabadilishana zamu, fundi anafunga cherehani siku ambayo wateja ni wengi, na dada wa vitumbua anaondoka saa kumi kwenda kuloweka mchele. Mwaka huu Saba Saba iliangukia Jumatatu, mwalimu akasema tuzitumie siku zote tatu mfululizo, tulale hukohuko. Shangazi yangu ana nyumba Kwihara, upande wa lile tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, ina uwanja mpana na kisima. Tukabeba magodoro, masufuria, mkaa, unga, na dagaa wa Kigoma waliokuja na treni. Watoto wangu walibaki kwa mama mkwe. Sikumbuki mara ya mwisho kuamka nikiwa na siku nzima isiyo ya mtu mwingine.

Jumamosi tulipaka nta ya kwanza na kutia njano. Tukaanika. Lazima uanike kivulini, kwa sababu kitambaa kina nta na jua la saa saba linailainisha. Na pasi huwezi kupitisha, itayeyusha kila kitu. Kwa hiyo unasubiri. Uani kwa mwalimu tulikuwa tunasubiri dakika 40, tunagusa, tunasema kimekauka, tunaendelea, maana saa kumi na moja inakimbia. Kwa nini hatukukiacha mpaka Jumamosi nyingine? Kwa sababu wiki mbili ni ndefu, na mtu aliyeiba saa tatu za nyumbani kwake anataka kurudi na kitu mkononi.

Kwa mazoea nikaanza nta ya pili Jumamosi ileile alasiri. Nikachovya brashi, nikagusa kitambaa, ikalia chwiii. Siku zote nimeufurahia mlio huo. Nilidhani ni ushahidi kwamba nta imepata moto wa kutosha.

Dada wa vitumbua alikuwa amekaa pembeni anamenya viazi. Miezi yote hii hajawahi kuiona nta ya pili, kwa kuwa huondoka saa kumi. Akainua kichwa.

"Dada, hiyo nta umeitia maji?"

"Sijaitia."

"Basi kitambaa kina maji. Mafuta hayalii bure."

Nikashika brashi hewani mpaka nta ikaganda juu yake. Amekaa mbele ya karai la mafuta ya moto miaka mingi. Anaujua mlio wa maji ndani ya moto kama mimi ninavyoujua mlio wa kifua cha mtoto. Juu ya kitambaa palikuwa pakavu, ndani ya nyuzi hapakuwa. Nta ikigusa unyevu, maji yanageuka mvuke, yanaisukuma nta juu, nayo inakaa kama ngozi isiyo na mizizi. Bluu inapita chini yake bila shida.

Nta yote ya pili ilisimama. Kitambaa kikalala juu ya kamba barazani, Jumapili asubuhi hakikuguswa, na kipupwe cha Julai kwetu ni kikavu mpaka midomo inapasuka, kikasaidia. Saa sita mchana nikachovya brashi tena.

Kimya. Haikulia kabisa. Nta ilizama, kitambaa kikageuka cheusicheusi na cha kuonyesha mwanga, kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Nikakigeuza: kila mstari umetokea upande wa pili. Mwalimu alipiga kigelegele shangazi akatoka nje akidhani kuna mgeni. Tukatia bluu, tukasuuza, tukachemsha kutoa nta, tukaacha sufuria ipoe usiku kucha. Asubuhi tukatoa sahani nzima ya nta iliyoganda juu ya maji. Itatumika tena.

Neno kuhusu vifaa. Sufuria ndani ya sufuria ya maji ni salama, na mbele ya watoto nisingetumia njia nyingine. Lakini nta haiwezi kuzidi joto la maji yanayochemka, na Tabora ipo kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yenyewe huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Nta inapoa kwenye brashi kabla ya kufika kitambaani. Sisi tunaiweka moja kwa moja juu ya mkaa mchache, mzee wa reli akiwa mlinzi, mfuniko na ndoo ya mchanga pembeni. Nta ikiwaka, maji ni marufuku, funika. Brashi za rangi za ukutani zinatosha ukizipunguza nywele kwa mkasi. Mhuri wa mbao wa kugongea nta sitautumia tena, mbao haitunzi joto, mgongo wa mhuri unachukua nta nyingi na mbele inaganda. Wenzetu wa Java hutumia mhuri wa shaba, nami nimeshaongea na fundi wa masufuria anikunjie mmoja.

Na kostiki soda, tafadhali: glovu, na soda ndiyo inayoingia kwenye maji, kamwe usimimine maji juu ya soda. Nimewafunga bendeji watu kwa kosa hilo.

Mpango ulikuwa Jumatatu tutie nta ya tatu na rangi nyeusi. Hatukufanya. Ile mihuri ya mbao ilikuwa ya mninga, na mmoja ulilala usiku ndani ya beseni la maji. Asubuhi maji yalikuwa ya rangi ya chai. Mzee wa reli akakumbuka kwamba mninga ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu, na ukidondokea shati hautoki. Basi nyeusi ikasahauliwa. Tukaenda kwa jirani seremala kuomba magome na vumbi la mbao, tukachemsha kwa muda wa saa mbili, tukatia kipande cha marekani kilicholowekwa kwenye shabu, ile ya kusafishia maji ya kunywa. Kimetoka hudhurungi iliyokolea, yenye wekundu ukikishika juani. Kile tulichotia bila shabu kimepauka kwenye suuzo la kwanza.

Shida ni ileile imerudi kwa mlango mwingine: rangi ya mninga inataka moto, na nta haitaki. Nimeichuja, nikaiacha ipoe, nikalaza kipande chenye nta ndani yake usiku wa Jumatatu na kurudi nacho mjini kwenye ndoo iliyofunikwa. Leo Alhamisi nimekitoa. Kimekolea nusu tu ya kile kilichochemshwa, lakini mistari ni myeupe kabisa. Sasa kipo barazani kivulini, na sitakigusa kabla ya kesho saa sita.

Nane Nane ni Ijumaa. Shangazi amekubali, dada wa vitumbua amepata mtu wa kumshikia biashara, na zamu yangu ya Jumamosi nimeshaibadilisha.