Jana mechi ya ndondo huku Igoma nimerudi home mikono inatetemeka

Jamani jana sijalala. Goli la pili limeingia dakika za mwisho, chupa zikaanza kuruka, mara mawe, watu wakamiminika uwanjani, na geti liko moja tu tena limefungwa nusu. Nimembeba mwanangu begani, kandambili yake moja imebaki kulekule, kanishika nywele mpaka zinauma, hasemi kitu.

Hapohapo nikakumbuka Port Said, Misri, tarehe 1 Februari 2012. Wale Al Ahly hawahawa tunaowajua, walifungwa 3-1 na Al Masry, filimbi ya mwisho tu mashabiki wa Masry wakavamia na visu na marungu, watu wakakimbilia njia ya kutokea wakakuta geti limefungwa, wakalaliana pale wengine wakakosa pumzi. Watu 74 wamekufa. Wengine walirushwa toka jukwaani. Na hao Masry waliovamia timu yao ndiyo ilikuwa imeshinda, sasa hasira ya nini?

Kwetu hajafa mtu, namshukuru Mungu. Ila aliyefunga lile geti nimemfuata leo asubuhi, namuuliza kwanini, ananijibu eti watu wasiingie bure. Kiingilio buku jamani, buku!